Mapengo ya Sifuri na Tano

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa mahabusu, nikitukanwa na askari aliyekuwa anatafuna karanga. Aliniambia dada yangu si wa kwanza kulala sakafuni na hatakuwa wa mwisho. Nilimjibu neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Kwa uliyechelewa kuingia, kaa hapa nikusogezee. Mimi huchora chati gazetini, na ofisini wananiita Bi Nukta. Dada yangu ni mwalimu. Siku ya uchaguzi alisimamia kituo cha kupigia kura shuleni kwake, akahesabu mbele ya mawakala wa vyama vyote, akasoma kwa sauti: Mheshimiwa aliyeko madarakani, kura mia mbili na kumi na nane.

Ukumbi wa kujumlishia kura ukatangaza mia sita na arobaini.

Watu walimzonga nyumbani kwake. Akatoka, akasimama kibarazani, akaapa kwamba kura zimebadilishwa ukumbini. Kesho yake wakamchukua kwa kosa la kuichafua tume ya uchaguzi. Tangu hapo mtaani anaitwa Mwalimu wa Kweli, na watu nisiowajua wananishika mkono sokoni kwa ajili yake. Wakili wake alinipa kazi moja tu: thibitisha kwamba uchafu ulifanyika ukumbini wala si kituoni, mimi nitamtoa.

Basi naendelea, na nasema mapema kwamba nina hasira. Mtu asiniambie hasira hasara. Hasara nilishaipata, iliyobaki ni hasira tu.

Asubuhi ile, yule mla karanga alipokwisha kushiba, waliniruhusu nimwone dada kupitia dirisha la nondo. Hakulia. Ndiye aliyenilea tangu tumzike mama, akanisomesha kwa mshahara wa ualimu, na sijawahi kuliona chozi lake.

"Umekula?" akaniuliza.

"Dada, wewe ndiye uliye ndani."

"Shemeji yako kaniletea chai. Nakuuliza wewe."

Nikadanganya kwamba nimekula. Nikamwambia nimepata hesabu za vituo vyote, maana tume wenyewe wameziweka kwenye tovuti yao, kituo kwa kituo, kwa kiburi tu, wakidhani hakuna mwenye muda wa kuzisoma.

"Naanza na kituo chako," nikasema.

"Usianze na changu."

"Kwa nini?"

"Watasema unamtetea ndugu yako. Chora nchi nzima. Changu kipotee humo humo."

Niliondoka nimevimba kifua kwa fahari. Nikasema huyu ndiye mwanamke. Analala kwenye saruji na bado anawaza haki ya wengine.

Ofisini mhariri wetu tunamwita Mkasi, kwa sababu hajawahi kukutana na sentensi asiikate. Yeye naye alikuwa na lake.

"Sitaki hotuba, Bi Nukta. Niletee picha moja ambayo mwenye duka ataielewa kabla hajatumia gazeti kufungia misumari."

Nikachora. Kila kituo nukta moja. Nukta ikiwa kulia zaidi, watu wengi zaidi walijitokeza. Ikiwa juu zaidi, Mheshimiwa alipata sehemu kubwa zaidi. Binadamu wa kweli hutawanyika: huyu anaumwa, yule kasafiri, mwingine kafa na jina lake bado limo kwenye daftari la wapiga kura. Kwa hiyo nukta hukaa kama wingu, katikati.

Wingu lilikuwepo. Lakini begani mwake kulitoka kitu chembamba kikipanda, kikipanda, mpaka kwenye pembe kabisa ya karatasi, pale ambapo kila aliyeandikishwa alikuja na kila aliyekuja alimpenda Mheshimiwa. Hata marehemu. Na karibu vituo vyote vya huko pembeni vilikuwa vya jimbo moja. Jimbo letu.

"Kuna mkia," nikamwambia Mkasi.

"Nani kashika mkia?"

"Hakuna aliyeshika mkia! Chati ndiyo yenye mkia. Tazama hapa."

Akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatazama tena.

"Labda wanampenda."

"Wanampenda mpaka wafu wameamka kupiga kura?"

"Mimi nakuamini. Wakili wa tume atasema ngome ni ngome, kwamba huko kwenu hata mbuzi wana kofia za chama. Huu mkia unaonyesha ajabu, Bi Nukta. Hauonyeshi mkono. Mimi nataka mkono."

Nilitoka nikaubamiza mlango. Ukarudi ukanigonga kiwiko. Kilichoniuma zaidi si kiwiko, ni kwamba mzee yule alikuwa amesema kweli.

Nikarudi mezani. Mkono. Anataka mkono, atapata mkono.

Kuna ujanja mmoja ambao wachora chati wote wanaujua. Kura zikihesabiwa kweli, tarakimu ya mwisho haina mwenyewe. Inaweza kuwa sifuri, inaweza kuwa tatu, inaweza kuwa tisa, na kwenye vituo vingi zote hutoka karibu sawa. Lakini mtu akikaa akazitunga namba kichwani, mkono wake huchoka na kupumzika kwenye sifuri na tano. Mia nne na hamsini. Mia sita. Mia tatu ishirini na tano. Mpishi wa namba ana mahali anapopenda kukaa.

Nikavichukua vituo vya mkia peke yake, themanini na kitu. Nikaiambia kompyuta inichoree nguzo kumi, kuanzia ya sifuri mpaka ya tisa. Nilisubiri nguzo mbili ndefu kuliko zote, nimeshazitafutia na rangi nyekundu.

Nguzo ndefu hazikutokea. Zilitokea nguzo nane, na mahali pawili pakawa patupu. Kwenye sifuri hakuna kitu. Kwenye tano hakuna kitu.

Mkasi alikuwa amenisimamia nyuma bila mimi kujua.

"Mbona kibogoyo?" akauliza.

"Sielewi."

"Wewe usipoelewa, mwenye duka ataelewaje?"

"Mhariri, nyamaza kwanza!" Kazini hatumwambii hivyo. Akanyamaza. "Kwa vituo hivi vyote, kumi na sita hivi vilipaswa kuishia na sifuri au tano, vyenyewe, bila kusukumwa na mtu. Hakuna hata kimoja."

Niliposogea karibu nikaona kimoja. Kwenye pengo la sifuri palikuwa na kijistari chembamba, kama uchafu wa skrini. Nikakifuta kwa kidole. Hakikufutika.

Kilikuwa kituo cha dada. Mia sita na arobaini.

Niliguna tu. Nikajipa jibu la haraka: hicho walikibadilisha baadaye, kwa mkono mwingine. Mtu akitaka kuamini, majibu hayamkosi.

Mkasi alikuwa bado kwenye mapengo yake. "Nisikilize. Vituo vyote vina mapengo yaleyale, kwa hiyo mpishi ni mmoja, na alikaa ukumbini. Huyu hakusahau sifuri na tano. Amezikimbia. Alijua kuna mtu atakuja kuzitafuta."

"Ndiyo."

"Sasa, watu wangapi hapa nchini wanaujua huu ujanja wako?"

"Wachache sana. Wasomi wawili watatu, na mimi."

"Wewe umemfundisha nani?"

"Hakuna," nikasema.

Hapo hapo nikakumbuka. Alikuwepo.

Ilikuwa Jumapili, mezani kwa dada, kabla ya uchaguzi. Mwezi ule ulikuwa wa heri nyumbani kwao. Dada alikuwa amepandishwa kuwa mwalimu mkuu, juu ya vichwa vya watu waliomtangulia kazini. Mumewe, fundi wa kompyuta aliyekaa muda mrefu bila kazi, alikuwa amepata kibarua cha kuingiza matokeo kwenye ukumbi wa kujumlishia. Tukasema Mungu akitaka kukupa hakuletei barua. Tukala, tukacheka, na mimi nikaanza kujishaua.

Waliosema usimwage mtama penye kuku wengi walinikosea kidogo. Kuku alikuwa mmoja.

"Shemeji," nilimwambia, "andika namba ishirini, ujifanye ni kura."

Akaandika nyuma ya risiti ya umeme. Mia na hamsini, mia mbili, mia tatu na arobaini na tano. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

"Shemeji yangu, wewe huwezi kuiba hata kura za kiranja!"

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote, kidole juu kama mwalimu. Sifuri na tano, sifuri na tano.

"Na ningezikwepa?"

"Hapo ungenipiga chenga."

Sikumwambia kwamba kuzikwepa zote nako ni kujitangaza. Sikumwambia kwa sababu nilikuwa naongezewa chai. Dada hakuwepo mezani. Mvua ilikuwa imeanza, akawa amekimbilia uani kuanua nguo. Alirudi na furushi begani akiuliza tunacheka nini.

"Mambo ya mashemeji," tukamjibu kwa pamoja.

Nilimweleza Mkasi yote hayo nikiwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Hakucheka wala hakunipa pole.

"Nakala moja mpe wakili sasa hivi," akasema. "Nyingine ni ukurasa wa kwanza. Jina la shemeji yako siliandiki mpaka umsikie kwa masikio yako. Nenda. Mtambo ukiwa tayari nitakupigia, uniambie nichape au nisichape."

Nilimwachia wakili nakala yake, kisha nikaenda kwa shemeji kwa miguu, na kwa hasira niliyokuwa nayo sidhani kama gari lingenipita.

Huyu ni mtu ambaye wiki nzima tulilia naye. Alibeba chupa ya chai asubuhi na jioni mpaka mahabusu. Aliniambia, "Shemeji, wewe chora, mimi nitashughulikia chakula." Nikamwombea dua! Mimi, nikamwombea mwizi dua kwa jina lake lote.

Jua lilikuwa linazama nilipomkuta sebuleni anapiga pasi. Gauni la bluu la dada, lile la mikutano ya wazazi.

"Karibu, shemeji. Nataka kumpelekea abadilishe. Umekula?"

"Nyumba hii mnapenda kuniuliza kama nimekula. Leo nimekula kiapo."

Nikaitandika chati juu ya gauni.

"Nini hiki?"

"Mdomo wako. Hesabu meno."

Nilitaka achukue muda. Nilitaka akunje uso, aulize, ageuze karatasi juu chini, anipe nafasi ya kudhani si yeye. Hakuchukua muda. Aliyaona mapengo palepale, akafumba macho.

"Ulisema nikizikwepa nitakupiga chenga," akasema.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Na wewe unazipiga pasi kabisa!"

Sauti yangu ilifika kwa majirani, na sikujali. Naungama hapa mbele yenu kwamba niliikamata ile pasi. Ilikuwa ya moto. Akarudi nyuma mpaka ukutani, nami nikamfuata mpaka waya ukanivuta mkono. Nikaichomoa, nikaiweka sakafuni. Sikuiweka kwa huruma. Sikutaka kesi mbili katika ukoo mmoja.

"Mkeo analala kwenye saruji," nikasema. "Unampelekea chai kwa mkono uleule uliobadilisha kura zake. Hiyo chai inapitaje kooni mwake?"

"Za kwake sikuzigusa."

"Usinichezee."

"Mimi ni mwizi, shemeji. Sikatai. Kesho nipeleke popote, nitasema hivi hivi. Lakini za kwake sikuzigusa."

"Zilitoka mia mbili na kumi na nane zikawa mia sita na arobaini. Zilijibadilisha zenyewe, kama nguo?"

Akakaa chini, palepale sakafuni, magoti juu.

"Walipita kwa wasimamizi wa vituo kabla ya uchaguzi," akasema. "Kila mmoja walimpa ahadi yake na kitisho chake. Atakayekubali atatuma namba kubwa atakayoitunga mwenyewe. Atakayekataa, namba yake itarekebishwa ukumbini. Mimi niliwekwa pale kwa ajili ya waliokataa."

"Na ukakubali."

"Nikakubali. Nilikuwa nimechoka kulishwa na mke. Cheka ukitaka."

Sikucheka.

"Nilidhani nitaandika vituo vitano sita," akaendelea. "Vikaja vyote. Shemeji, walikataa wote! Yule bibi wa kituo cha zahanati, aliyetishiwa kufukuzwa nyumba, akatuma kura zake za kweli. Yule kijana wa kituo cha stendi naye akatuma za kweli. Walinisomea namba safi moja baada ya nyingine, na mimi nikazichafua moja baada ya nyingine, nikizikimbia sifuri zako na tano zako."

"Na dada?"

Akanyoosha mkono mpaka kwenye karatasi. Kidole chake kikatua kwenye pengo la sifuri, juu ya kile kijistari nilichojaribu kukifuta.

"Aliyekubali sikuwa na haja ya kumgusa. Yake ilifika hivi hivi. Mia sita na arobaini, na saini yake chini."

"Mwongo!"

"Jimbo zima alikubali mmoja tu."

"Mwongo wewe! Alisoma mia mbili na kumi na nane mbele ya watu!"

"Alisoma, ndiyo. Halafu mawakala wakatoka, akatuma nyingine. Watu walipomzonga akautaja ukumbi. Angetaja nini?"

"Na wewe ukanyamaza?"

"Niseme nini? Mtaa mzima unamshangilia mke wangu. Nimwendee nani nikamwambie?"

"Unamsingizia kwa sababu yuko ndani hawezi kujibu!"

Hapo ndipo alipoinua uso akanitazama, na hakuwa na ubishi wowote usoni.

"Siku ile uliponifundisha," akasema, "yeye alikuwa anaanua nguo. Hakukusikia."

Asiyeujua ujanja huangukia sifuri, na hilo nililisema mimi mwenyewe.

Nilitaka awe mwongo, na sababu ya kumwita mwongo ninayo. Mwizi anayejua kukwepa sifuri anajua pia kuacha moja makusudi, apate pa kujifichia siku ya kukamatwa. Hilo linawezekana. Nililishika hilo kama mtu aliyeshika kamba. Lakini ile sauti ya dirishani haikuniacha: usianze na changu, kipotee humo humo. Na ule ualimu mkuu, uliowaruka watu wa zamani, tukaupigia vigelegele.

Hasira yangu yote ilikuwa imejipanga kwenda mahali pamoja. Sasa haikujua iende wapi, ikabaki kunichoma mimi. Nilimkasirikia shemeji kwa kuiba, na dada, kama ni kweli, kwa kuniacha nimtetee sokoni. Nilimkasirikia hata yule bibi wa zahanati nisiyemjua, kwa kuwa jasiri kuliko watu wangu.

Simu ikaita. Mkasi.

"Mtambo tayari, Bi Nukta. Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Ndiye?"

Nikamtazama shemeji pale sakafuni. "Ndiye."

"Basi nachapa."

"Subiri, mhariri..."

"Kabla sijasubiri, kuna mtu hapa. Wakili aliipeleka chati yako kwa hakimu. Hakimu kaitazama, kashika kidevu, katoa dhamana. Wamemleta moja kwa moja ofisini. Nje kumejaa watu mpaka walinzi wameshindwa. Ongea naye."

Nikasikia simu ikipokezanwa. Nyuma palikuwa na kelele za watu, wanaimba, wanapiga makofi.

"Mdogo wangu." Ilikuwa sauti ya dada, na safari hii alikuwa analia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu alikuwa analia. "Mungu akulipe. Umenitoa. Umekula?"

"Dada," nikasema.

"Wananiimbia, unasikia? Sikustahili haya yote." Akapenga kamasi, akacheka kidogo. "Niko hapa mbele ya chati yako. Wameikuza, inajaa ukuta. Mhariri kanieleza mapengo yake, sifuri na tano. Nzuri sana. Hata mtoto ataelewa."

"Ndiyo, dada."

Kelele zikapungua. Alikuwa amesogea pembeni, au ameifunika simu kwa mkono. Sauti ikashuka.

"Kuna kijistari hapa kwenye sifuri. Kimoja tu. Nilidhani vumbi, nikajaribu kukifuta."

Nikaitazama nakala yangu pale juu ya gauni.

"Ni kituo, dada," nikasema. "Ni kituo kimoja."

"Najua ni kituo. Kinaharibu picha, mdogo wangu. Kiondoe. Ni kimoja tu katika vyote hivyo, nani atajua?"

Na nyuma yake nikamsikia Mkasi akipaza sauti juu ya nyimbo: "Bi Nukta! Tunachapa hivi ilivyo, au kuna kitu unataka kurekebisha?"